Dirisha la Tatu la Sikio

Kabla sijaingia katika mazungumzo ya leo, nakuomba tufanye kitu kidogo pamoja, hapo hapo ulipo: dukani, jikoni, au kando ya barabara ya Njingala ukingoja pikipiki. Ziba sikio lako la kulia kwa kidole. Sasa funga mdomo na uvume: mmmmm. Umesikia? Sauti yako imehamia kulia. Imekuwa nzito na kubwa, kama ya mtu anayevuma ndani ya mtungi. Toa kidole, inarudi ilivyokuwa. Rudia mara moja tena ili uamini.

Ajabu yenyewe ni hii: sikio ulilolifunga ndilo lililosikia zaidi. Maana sauti ina njia mbili za kufika ndani ya sikio. Ya kwanza ni hewa: mtu anakuita, wimbi linaingia tunduni, unageuka. Ya pili ni mfupa: ukisema, ukitafuna, ukitembea, fuvu lako lenyewe linatetemeka, na mtetemo unafika sikioni bila kupita mlangoni. Siku zote njia hii ya mfupa iko nasi, ila ni ya chini sana hata hatuijali. Ulipoziba sikio, uliizuia sauti ya ndani isitokee nje, ukaisikia.

Sasa mfikirie mtu ambaye hakuziba sikio kwa kidole chochote, lakini anaishi hivyo mchana na usiku. Akisema, sauti inamrudia kichwani. Akitafuna muhogo hasikii anachoambiwa na aliyeketi naye. Kila hatua anayokanyaga inadunda kichwani kama mchi kwenye kinu. Usiku mapigo ya moyo wake yanamnyima usingizi. Na kuna jambo moja ambalo akilisema nyumbani watu hutazamana: anasikia macho yake yakigeuka. Akitazama kushoto, anasikia mkwaruzo. Akitazama kulia, mkwaruzo tena.

Tunajua majibu atakayopewa. Amerogwa. Ana pepo. Pombe ya machimboni imemharibu. Leo, mama zangu na papa zangu, nimekuja kusimama upande wa mtu huyo. Anayosema ni kweli. Ana ugonjwa unaojulikana, unaopimika, na sababu yake ni tundu dogo kwenye mfupa, dogo kuliko punje ya mchele. Nataka nieleze tundu hilo linafanya nini, halafu nieleze kwa nini sisi wa Bisie na Walikale nzima tuna haja ya kulifahamu.

Tuanze na sikio zima. Ndani kabisa ya tundu la sikio kuna kiwambo, ngozi nyembamba iliyovutwa kama ya ngoma. Nyuma yake kuna vifupa vitatu, na majina yake ni ya karakana ya mhunzi: nyundo, fuawe, na kikuku, kile cha kukanyagia mpanda farasi. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa binadamu, kimo chake ni kama milimita 3. Sauti inapiga kiwambo, kiwambo kinaitikisa nyundo, nyundo inaitikisa fuawe, fuawe inakisukuma kikuku. Kwa nini kazi yote hiyo? Kwa sababu nyuma ya kikuku kuna maji, na sauti ya hewani haipendi kuingia majini. Aliyewahi kupiga mbizi katika mto Lowa anajua: wenzako wanapayuka ukingoni, na wewe kule chini husikii neno. Ukiigawa nguvu ya sauti mafungu 1,000, kama 999 yanagonga uso wa maji na kurudi. Vile vifupa vinakusanya nguvu ya kiwambo kipana na kuibana kwenye kidirisha chembamba, ambacho kiwambo kinakizidi kama mara 17 kwa eneo, mpaka maji yakubali kusogea.

Maji hayo yamo ndani ya kitu kilichojikunja kama nyumba ya konokono, mizunguko miwili na nusu. Ukikinyoosha, urefu wake ni kama milimita 35, haufiki njiti ya kiberiti. Katikati yake umepita utando, na juu ya utando zimepangwa seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi. Utando ukiyumba, vinyweleo vinapinda, na neva inapeleka habari kwenye ubongo. Mwanasayansi Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi wimbi linavyosafiri kwenye utando huo: sauti nyembamba zinaishia karibu na mlango, sauti nzito zinakwenda hadi mwisho.

Lakini maji hayabonyei. Chukua chupa, ijaze maji pomoni, izibe kwa kizibo, kisha jaribu kukisukuma kizibo ndani. Hakiendi. Kikuku nacho kisingekwenda, kama upande wa pili pasingekuwa na dirisha jingine lenye ngozi laini. Kikuku kikisukuma maji ndani, ngozi hiyo inavimba nje. Kikivuta, inarudi. Katikati ya kusukuma na kurudi, utando unayumba na sisi tunasikia. Kwa hiyo usikivu wetu wote umejengwa juu ya hesabu moja: madirisha mawili katika nyumba ya mfupa mgumu. Moja la kupokea, moja la kupumulia.

Nyumba hiyo ya maji ina chumba cha pili. Humo mna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, na kazi yake ni mizani ya mwili. Ndiyo inayokujulisha umeinama, umegeuka au unaanguka, na ndiyo inayoyashika macho yasiyumbe unapotembea. Mfereji wa juu umepinda hadi chini kabisa ya ubongo, na kinachoutenga na ubongo ni mfupa tu. Wazee walisema sikio halipiti kichwa. Walikuwa wanafunza adabu, lakini hata mpasuaji atakubali: hapo pana mpaka, na mpaka huo ni mwembamba. Kwa watu wengine mfupa huo haukunenepa tangu utotoni. Miaka inapita, siku moja anapigwa kichwani, au anabeba kitu kizito, au hakuna lolote kubwa linalotokea, na mpaka unatoboka. Nyumba ya madirisha mawili imepata dirisha la tatu.

Nini kinatokea? Nipe nafasi nitumie mfano wa kwetu. Mnajua mtu anavyoosha madini mbali na mto: mashine inasukuma maji kwenye mpira, na mwoshaji anasimama mwishoni na karai lake. Mpira ukitoboka katikati, mashine inaunguruma vile vile, mwoshaji anapata maji kidogo. Ndivyo ilivyo. Kikuku kinasukuma, lakini sehemu ya nguvu inachomokea kwenye tundu la mfereji wa juu kabla haijautikisa utando wa kusikia. Zinazopotea zaidi ni sauti nzito, kwa kuwa msukumo wake ni wa polepole na unapata muda wa kuvuja. Kwa hiyo mtu anakuwa mzito wa kusikia yale yanayotoka nje.

Na yale yanayotoka ndani? Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, basi nisikilize vizuri. Sauti ya mfupa haiingii kwa kikuku. Inatikisa nyumba nzima pamoja na maji yake. Katika sikio zima maji hayo hayana pa kukimbilia, misukumo ya pande mbili za utando inakaribia kulingana, na utando unayumba kidogo tu. Fungua dirisha la tatu upande mmoja, mlingano umevunjika. Maji ya upande huo yamepata njia, na utando sasa unayumba kwa kila kitetemo cha mwili: hatua, mapigo ya moyo, taya, hata ile misuli midogo inayogeuza jicho. Tundu lile lile linampunguzia sauti ya mwenzake na kumwongezea sauti ya mwili wake. Anaposema hakusikii wewe lakini anasikia macho yake, hajipingi hata kidogo.

Bado kuna la tatu. Mfereji uliotoboka ni wa mizani. Zamani sauti haikuwa na sababu ya kupita humo, maana ulikuwa kichochoro kilichozibwa. Sasa una upenyo, na sauti kubwa ikiingia inayasukuma maji yake kama mtu aliyegeuka ghafla. Ubongo unadanganyika kuwa kichwa kimezunguka. Dunia inapinduka, macho yanasogea yenyewe, mtu anashika ukuta.

Elimu hii haikuja siku moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, tabibu wa Ubelgiji, Camille Hennebert, aliona kuwa ukisukuma hewa kwenye masikio ya wagonjwa fulani, macho yao yanasogea. Mwitalia Pietro Tullio alitoboa mifereji ya masikio ya njiwa, akapiga sauti, na njiwa wakageuza kichwa na macho kwa kufuata mfereji uliotobolewa. Alichapisha kazi yake mwaka 1929. Ilipita miaka 69 ndipo Lloyd Minor na wenzake wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, walipoeleza mwaka 1998 kwamba tundu kama lile la njiwa linatokea lenyewe kwa binadamu, juu ya mfereji wa juu. Mwaka 2000, kundi la hapo hapo lilichapisha hesabu ya mifupa 1,000 ya masikio ya watu waliokwisha kufa: mitano ilikuwa imetoboka kabisa, na mingine ilikuwa imebaki nyembamba mno.

Tafakari jambo hilo, ndugu yangu. Watu wenye tundu hili hawakuanza kuzaliwa mwaka 1998. Walikuwapo siku zote, wakisema yale yale, na wakiitwa wagonjwa wa akili. Wengine, katika nchi zenye hospitali kubwa, walipasuliwa kikuku kwa kudhaniwa kimekakamaa, wakatoka vile vile, kwa sababu kikuku chao hakikuwa na kosa. Kama huko ilikuwa hivyo, kwetu tumewapuuza wangapi?

Sasa tuje nyumbani. Tangu kasiteriti, jiwe la bati, ilipogunduliwa kwenye kilima cha Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watu wameingia katika msitu ule. Tunaijua kazi ile. Tunawajua waliotambaa mashimoni na tochi kichwani, nyundo mkono mmoja na chuma mkono wa pili, wakigonga jiwe katika njia isiyotosha kusimama. Tunawajua waliobeba gunia la kilo 50 kwa miguu msituni, kutoka mlimani hadi Njingala. Tunaikumbuka ile milio ya ndege zilizokuwa zikitua juu ya barabara ya lami ya Kilambo kuchukua mzigo. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Tangu 2019 mgodi wa mashine wa Alphamin unatoa bati pale Bisie. Serikali zimebadilika, bei imepanda na kushuka. Masikio ya wafanyakazi hayajawahi kuwa habari.

Basi mtie mtu mwenye dirisha la tatu ndani ya maisha hayo. Yuko shimoni, mwenzake anagonga chuma mbele yake, mlio umefungiwa na kuta za jiwe. Kwa kila pigo, shimo linamzunguka. PDG, yaani bosi wa shimo, anaona mvivu. Anapanda juu, anakuwa mpagazi. Anainama, anabana pumzi, anainua gunia. Kubana pumzi kunapandisha msukumo kichwani, msukumo unashuka kupitia tundu, na dunia inapinduka tena, safari hii bila sauti yoyote. Wenzake wanacheka kwamba njaa imemlegeza. Anashika njia. Kila kisigino kinachotua kwenye tope kinapiga ndani ya kichwa chake, mto baada ya mto, mpaka Njingala. Mtu huyu ameteswa mara tatu kwa tundu moja, na wala hajui kwamba ni tundu moja.

Sisemi kwamba kila mchimbaji asiyesikia ana ugonjwa huu. Hapana. Uziwi mkubwa wa migodini ni ule wa kelele. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kelele ni sababu mojawapo. Kazi ya saa 8 katika kelele ya desibeli 85 ndio mpaka ambao wataalamu wengi wa usalama kazini wanaukubali. Kelele ikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu. Mashine ya kutoboa mwamba inapita desibeli 100, kwa hiyo muda wake bila kinga ni dakika, wala si saa. Kelele hiyo inaua zile seli zenye vinyweleo, na zikifa hazioti tena.

Lakini magonjwa haya mawili yanaweza kutofautishwa, na hapa naomba wauguzi wa vituo vya afya wasogee karibu na redio. Uziwi wa kelele huanza na sauti nyembamba: mlio wa ndege, sauti ya mtoto, herufi za sa na fa. Dirisha la tatu hula sauti nzito. Aliyeharibiwa na kelele mara nyingi hupaza sauti, kwa sababu hajisikii. Mwenye dirisha la tatu anaweza kuishusha mpaka ukamwinamia, kwa sababu yake mwenyewe inamuumiza. Na kuna kipimo kisichohitaji umeme: diapazoni, kile chuma chenye meno mawili kama uma. Igonge ilie, kisha simamisha shina lake juu ya kifundo cha mguu, pale kwenye mfupa. Wewe na mimi tutasikia mguu ukitetemeka, basi. Mwenye tundu atakwambia anaisikia sikioni. Kifundo cha mguu, na sauti sikioni! Mkipata mgonjwa wa namna hiyo, msimfukuze. Andikeni mliyoyaona, na mmwandikie barua ya kwenda kwa daktari wa masikio.

Pasipo na diapazoni, maswali manne yanatosha kuanzia. Je, unasikia macho yako yakigeuka? Je, hatua zako zinadunda kichwani? Je, sauti kubwa inakuzungusha? Je, ukibeba mzigo, ukikohoa au ukipenga kamasi, dunia inayumba? Anayejibu ndiyo kwa mawili au matatu anastahili kutazamwa kwa makini.

Siwezi kuzungumzia masikio ya Walikale nikaiacha vita. Machi 2025, waasi wa M23 wakisonga mbele, mgodi wa Bisie ulisimama, kisha wakaingia Walikale-centre, na watu wakakimbilia porini. Mwanzoni mwa Aprili waliondoka, na kazi ikaanza tena hatua kwa hatua. Kati ya kuingia na kutoka kwao, na katika miaka yote iliyotangulia huku na kule Masisi, bunduki na mabomu yamelia juu ya vichwa vya watoto na wazee. Mlipuko wa karibu unapasua kiwambo, na unaweza pia kupasua yale madirisha mawili ya kawaida, maji ya sikio la ndani yakavuja. Mtu aliyepoteza kusikia ghafla na kupata kizunguzungu baada ya mlipuko hafai kungojea. Alazwe kichwa kikiwa juu, asibebe kitu, asipenge kamasi kwa nguvu, na apelekwe hospitalini haraka iwezekanavyo. Na jambo hili nalisihi kwa magoti: msimtilie kitu sikioni. Mafuta moto, maji ya majani, maziwa ya mama, hata kama bibi alifanya hivyo. Sikio lililopasuka haliwezi kuyazuia yasiende ndani.

Kwa dirisha la tatu, dawa ipo. Kwanza ni picha ya skana iliyokatwa kwa vipande vyembamba, inayoonyesha kama mfupa wa juu upo au haupo. Wengi, wakishajua walichonacho, wanaishi nacho kwa kuepuka kelele na mizigo. Aliyezidiwa anaweza kufanyiwa upasuaji: daktari anauziba ule mfereji au anaujengea paa jipya, na nyumba inarudi kuwa na madirisha mawili. Ni kazi ya hospitali kubwa, na safari yake ni ndefu na ya gharama. Nalijua hilo, na wewe unalijua. Lakini sehemu moja ya tiba haina gharama, nayo iko mikononi mwetu leo: kumwamini.

Tuna methali isemayo sikio la kufa halisikii dawa. Tumezoea kumtupia asiyeshaurika. Naogopa kwamba mara nyingine tumemtupia mtu ambaye sikio lake halikufa hata kidogo. Lilikuwa linasikia kupita kiasi, na hakuna aliyemuuliza linasikia nini.

Jioni ya leo, kama nyumbani kwako yuko mtu anayeshika ukuta watoto wanapopiga kelele, au anayeongea kwa kunong'ona na kula peke yake, kaa naye. Mwambie azibe sikio na avume, kama tulivyofanya sisi mwanzoni. Kisha muulize kama ndivyo anavyojisikia hata kidole kikitoka. Akikujibu ndiyo, usicheke. Mshike mkono, na kesho asubuhi mwende wote kituo cha afya.